Avansi Si Pesa ya Sufuria



Juma lililopita, tulipotoka shule, mama mmoja alitusimamisha kando ya barabara. Bwana wake alikuwa na kazi kwenye kampuni ndogo inayosaidia migodi. Sasa amekaa nyumbani miezi mingi. Mama akauliza: "Mwalimu, ni kweli mtu anaweza kuuza kwa telefone, bila kuwa na meza sokoni? Sisi tuko na telefone moja tu, tena kioo chake kimepasuka."

Tukamjibu: ndiyo, inawezekana. Kisha tulipofika nyumbani tukaona haya, maana jibu lile lilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba sisi wenyewe tulianza biashara ya namna hiyo kwa furaha nyingi, tukaanguka kabla ya kumaliza miezi sita. Juma hili tunawaeleza yote, pamoja na sehemu ya aibu, kwa sababu ndiyo sehemu itakayowasaidia zaidi.

Namna tulivyoanza

Katika lupango letu tuko wanawake wawili: mmoja anafundisha primeri, mwingine ni mulamu wake, mshonaji. Tunapoandika "sisi", ni hao wawili.

Tarehe 22 Februari 2025 Serikali ilisimamisha kwa miezi minne kutoa kobalti nje ya nchi, kwa kuwa bei yake duniani ilikuwa imeshuka sana. Mwezi wa Juni ikaongeza miezi mitatu. Tangu 16 Oktoba kobalti ikaruhusiwa kutoka tena, lakini kwa kipimo, kila kampuni na tani zake. Nia ilikuwa kupandisha bei, na bei ilipanda kweli. Lakini sufuria haingoji bei ya dunia. Baba watoto alikuwa akiendesha mashini kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Mwezi wa tatu aliambiwa angoje nyumbani, ataitwa. Hakuitwa.

Tulikuwa na masini ya kushona, ya mkono, iliyoachwa na mama ya mulamu. Tulikuwa na telefone moja yenye kamera. Tukashona yuniformu moja ya shule, shati nyeupe na sketi ya bluu, tukamvalisha mtoto wetu, tukampiga picha mbele ya ukuta asubuhi, tukaiweka kwenye stati ya WhatsApp pamoja na bei. Jioni ile wakaandika mama watatu. Kufikia mwezi wa sita tulikuwa na wateja Manika, Dilala, Musonoi, hata Kapata na Luilu. Watu ambao wasingepita kamwe mbele ya lupango letu waliiona kazi ya mikono yetu wakiwa wamekaa jikoni mwao. Hiyo ndiyo faida ya kazi hii: hulipi meza, huachi watoto, na telefone uliyo nayo tayari inatosha kwa kuanza.

Hatukuwa wa kwanza

Ba mama, tusidhani taabu hii ni mpya. Wazee wetu walizoea kusema kwamba Gécamines ndiyo baba na ndiyo mama. Kampuni ilitoa nyumba, hospitali, shule, na kila mwezi mposho wa unga. Watoto wa makambi waliitwa bana shaba. Halafu Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka chini ya ardhi. Shaba, iliyokuwa imepita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ikashuka chini ya tani 50,000 katika miaka iliyofuata. Mshahara ukachelewa, mposho ukakoma. Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kazini "kwa hiari", na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka na malipo yao ya mwisho.

Ni nani aliyelisha mji miaka ile? Ni mama zetu, kwa makala, kwa mikate ya kukaanga, kwa samaki ya kukauka, kwa sombe ya shamba. Katika fwaye sosyal kampuni iliwafundisha kushona na kufuma kwa ajili ya nyumba zao. Mposho ulipokoma, masini ileile iliyoshona nguo za watoto wachanga ikatolewa barazani ikaanza kushonea watu. Masini yetu ni moja ya hizo.

Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dolari 90,000. Mwaka uliofuata ikawa chini ya 30,000. Mwisho wa Novemba 2019 Mutanda, mgodi mkubwa kuliko yote ya kobalti duniani wakati ule, ukasimamishwa, na baadaye ukaanza tena. Anayekula kwa kobalti hupanda nayo na hushuka nayo. Kwa hiyo biashara ndogo ya mama isiwe kitu cha kungojea tu mpaka baba aitwe tena. Iwe nguzo ya nyumba, hata siku ambazo kazi iko. Lakini nguzo haikatwi kuni.

Hapa ndipo tulipoanguka

Mwanzoni mwa Agosti tulipata agizo kubwa kuliko yote: yuniformu 14, za watoto wa familia 14, zivaliwe siku ya kwanza ya masomo. Bei ilikuwa dolari 12 kwa moja. Tuliomba avansi ya nusu, dolari 6. Kila mama akatuma kwa telefone. Jioni tukahesabu: dolari 84. Hatukuwa tumeziona dolari 84 pamoja tangu mwezi wa tatu.

Siku ya nne mtoto wetu mdogo akashikwa na malaria, damu ikapungua, akahitaji kuongezwa damu. Hospitali ilitaka malipo kwanza. Tukatoa 35. Hakuna mama atakayetulaumu kwa hizo. Lakini sikilizeni kilichofuata. Kwa kuwa mfuko ulikuwa umekwisha kufunguliwa, hatukuufunga tena. Unga, makala, deni la duka, kikwembe cha kwenda kwenye kilio: dolari 20 nyingine zikaenda, kidogo kidogo, kila siku tukisema "tutarudisha". Zikabaki 29. Kitambaa cha yuniformu 14 hakinunuliwi kwa 29.

Kosa baya zaidi likafuata. Wateja walipoanza kuuliza, tulijificha. Tulisema mtandao ni mbaya. Tulisema umeme umekatika, masini ya jirani ya kumalizia pindo haiwaki. Mwisho tukazima telefone. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Siku ya kwanza ya masomo, yule wetu anayefundisha alikuwa amesimama mlangoni pa shule. Mtoto wa kike wa mwaka wa tatu akarudishwa nyumbani kwa sababu hakuwa na yuniformu. Alilia, akageuka, akaenda na mfuko wake mgongoni. Tulimjua. Shati yake na sketi yake zilikuwa zimelipiwa nusu, na nusu hiyo tulikuwa tumeila sisi. Siku ile tulifundisha hesabu tukiwa tumesimama tu. Kichwa hakikuwepo.

Namna tulivyoinuka

Jioni tulimweleza baba watoto yote, maana hata yeye tulikuwa tumemficha. Tulidhani atakasirika. Alinyamaza kwa muda, akasema: "Washeni telefone. Waambieni kweli. Aibu ya leo ni ndogo kuliko ya kesho."

Tukamtumia kila mama ujumbe wa sauti, mmoja mmoja, kwa jina lake, si ujumbe mmoja kwa wote. Tulisema: avansi yako tuliitumia kwa ugonjwa wa mtoto na kwa chakula cha nyumba. Tulikosa. Unaweza kuchagua: turudishe pesa yako juma hili, ama tukuletee yuniformu ndani ya siku kumi. Mama watatu wakataka pesa yao, na haki yao. Kumi na mmoja wakakubali kungoja. Wawili kati yao walituombea hata mtoto apone.

Tulipata pesa wapi? Tuko katika likelemba ya mama kumi, kila mmoja dolari 10 kwa mwezi. Zamu yetu ilikuwa ya sita. Mama mwenye zamu ya pili alitusikiliza, akabadilishana nasi, bila kuomba kitu. Hesabu ni hii: 29 zilizobaki na 100 za likelemba ni 129. Tukarudisha 18 kwa mama watatu. Kitambaa, vifungo na uzi wa yuniformu kumi na moja vilikula 77. Tukashona usiku kwa taa ya jua, tukapeleka zote siku ya tisa. Yule mtoto wa mlangoni alikuwa wa kwanza.

Sheria za lupango letu

Tangu hapo tuliandika sheria kwenye jalada la kaye, na baba watoto aliweka mkono wake chini pamoja nasi. Tunawapa kama zilivyo.

Ya kwanza: avansi si pesa yetu. Ni kitambaa ambacho bado hakijafika. Zamani tuliomba nusu ya bei kwa mazoea tu, na haikutosha hata kununua kitambaa. Sasa tunaomba dolari 7, kwa sababu kitambaa, vifungo na uzi wa yuniformu moja ni dolari 7. Si zaidi, si pungufu. Siku ileile tunakwenda kununua, na mteja anatumiwa picha ya kitambaa chenyewe na risiti. Pesa ikishageuka kitambaa, hakuna njaa itakayoweza kuila.

Ya pili: hesabu ya kila kitu kimoja, iandikwe. Yuniformu ni dolari 12. Kitambaa na vifaa 7. Taksi-moto 1. Mega na kuchaji telefone nusu dolari. Mafuta ya masini, sindano na makala ya pasi nusu dolari. Jumla 9. Zinabaki 3. Kati ya hizo, 2 ni jasho letu, zinaingia kwenye sufuria kwa halali. Moja inabaki kazini. Mama wengi wanasema "nimeuza 12" wakati wamepata 2. Aliyeuza kumi na nne amepata 28 za kula na 14 za kukuza kazi, basi. Ni kidogo, lakini ni ya kweli, na mtu anaweza kupangia maisha.

Ya tatu: namba mbili. Pesa ya kazi inaingia kwenye namba yake, ya nyumba kwenye nyingine. Kadi ya pili ya telefone ni bei ndogo. Mwenye kushika kaye asiwe peke yake mwenye kushika namba ya siri: kwetu anayeandika ni mwalimu, anayetoa pesa ni mshonaji, na Jumamosi tunaketi na kulinganisha.

Ya nne: ugonjwa una mfuko wake. Tuliona kwamba si ulafi tu uliokula avansi; ni kwamba nyumba haikuwa na kitu pembeni. Sasa kila yuniformu inaacha faranga kidogo kwenye kopo la ugonjwa, kutoka kwenye zile 2 zetu, si kutoka kwa mteja. Kopo likiwa tupu na mtoto akiugua, tunakwenda kwa likelemba, kwa ndugu, kwa jirani. Kukopa kwa anayejua kwamba anakukopesha ni deni. Kuchukua kwa asiyejua ni kitu kingine, na sisi walimu tunajua jina lake.

Ya tano: picha iwe ya kitu chetu. Kuna wanaochukua picha za nguo kutoka China au Dubai, kisha mteja anapata kitu kingine. Piga picha asubuhi, karibu na mlango, bila rangi za kupendeza za telefone. Kama bluu si sawasawa, sema. Na mama asiyejua kuandika asiogope: bei, saizi na siku ya kupeleka vinaweza kusemwa kwa sauti, na sauti inabaki kama ushahidi.

Ya sita: tuwe macho. Mtu akituma ujumbe kwamba pesa imefika, usiamini ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kutoa kitu. Mwingine atapiga simu: "Mama, nilikutumia kwa makosa, unirudishie." Angalia salio kwanza, na kama huelewi, nenda naye kwenye kabine. Namba ya siri haipewi mtu, hata anayejiita mfanyakazi wa mtandao. Na mteja mgeni akutane nawe mahali pa watu wengi, mchana.

Ya saba: bei iandikwe kwa pesa utakayonunulia kitambaa. Mwishoni mwa 2025 faranga ilipata nguvu ghafula mbele ya dolari. Walioweka dolari wakingoja walipata faranga pungufu. Sisi tunanunua kitambaa kwa dolari, basi tunaomba avansi kwa dolari, na hatuiweki siku mbili.

Na baba wa nyumba?

Mama wengine wanatuuliza kwa sauti ndogo: "Bwana atakubali?" Ni swali kubwa, tutalirudia juma lingine. Kwa leo tuseme mawili. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mama aliyeolewa apate ruhusa ya bwana. Mageuzi ya 15 Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo, na sasa inasema bwana na bibi wapatane. Kupatana ni pande mbili: yeye asikuamuru, nawe usimfiche. Sisi tulificha, na tuliona matunda yake.

La pili ni hili. Baba aliyezoea kuamka saa kumi na kupanda basi la kampuni, sasa anaona bibi yake anaitwa kwenye telefone siku nzima. Ana maumivu yake. Kwetu baba watoto ndiye anayepeleka Kapata na Luilu. Anapatana bei na taksi-moto, anarudi na salio la mteja, anaandika kwenye kaye. Hakuna aliyemwomba kwa nguvu. Tulimwonyesha hesabu, akaona mwenyewe palipokuwa na shimo. Siku kampuni itakapomwita, aende kwa furaha. Lakini kaye haitafungwa.

Na karatasi: biashara ndogo ina patanti yake tangu sheria ya 1979. Ulizeni kwenye komini yenu, mlipe mnapopewa risiti, si mkononi mwa mtu njiani. Jueni pia kwamba sheria ya dijitali ya 13 Machi 2023 imeweka kanuni za kuuza kwa intaneti. Anayeuza jikoni kwake naye ni mfanyabiashara.

Kwa mkutano wa juma hili

Kila mama mwenye biashara, ndogo namna gani, alete hesabu ya kitu kimoja anachouza: kikapu cha samaki ya Nzilo, kopo la mandazi, meshi ya nywele, kikwembe. Tutaandika ubaoni pamoja: kimenunuliwa bei gani, usafiri, mega, kilichobaki. Asiyejua kuandika ataketi karibu na anayejua. Na kila mmoja ajiulize kabla ya kuja: pesa iliyo mkononi mwangu leo, ni yangu yote?

Tumalize na yule mama wa mtoto wa mlangoni. Mwezi wa kumi na mbili alituandikia tena. Mtoto ameongezeka urefu, anataka sketi mpya. Alisema: "Natuma dolari. Kitambaa mtanunua lini?" Hakusema zaidi, na sisi tulielewa. Saa tisa mchana alipata picha ya kitambaa na risiti. Akajibu: "Sawa, mama mwalimu." Hiyo "sawa" tuliifanyia kazi miezi mitatu.

Mubaki na amani. Tutaonana Jumamosi.